Nilivyoiba Sauti ya Bi Mwatumu

Mliokuwa nami wiki jana mlinisikia nikiapa kwamba mimi si mwizi. Leo nayafuta maneno hayo kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa anayekutana nami leo kwa mara ya kwanza: naitwa Nasma binti Mwinyijuma, mzaliwa wa Mabawa, Tanga. Baba yangu alipunguzwa kazini kiwanda cha kamba kilipofungwa, miaka ile mkonge ulipokosa bei na serikali ikatangaza kuuza viwanda vyake. Mimi nikasomea kompyuta, nikapata kazi ya ufundi katika duka la Mzee Abdulrasul mjini. Kisha, mwaka 2004, kiwanda kile kikapata mwekezaji, kikafunguliwa upya. Meneja wake, Bi Yudith, akanipa mtihani. Programu yao ya zamani ya mizani ya mkonge ifanye kazi ndani ya laptop mpya. Nikiweza, kazi ni yangu.

Programu ile ilikuwa ya zama zake, kompyuta za kisasa haizitaki. Dawa ilikuwa moja, kuunda kompyuta ndani ya kompyuta. Mafundi huiita mashine pepe. Laptop mpya inakuwa mwenyeji, na ndani yake unamkaribisha mgeni, kompyuta ya kale isiyoshikika kwa mkono. Ila mgeni yule anakula memori ya mwenyeji, yaani ile nafasi ambayo kompyuta hushikilia kazi iliyo mbele yake. Mashine yangu ilikuwa inajikokota. Ukibonyeza kitufe unakwenda kunywa chai, unarudi bado inafikiri.

Nikaamua dawa ni kuongeza memori. Ya aina ile Tanga nzima haikuwepo, na ya kuagiza Dar isingewahi. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Na mezani kwangu dukani ilikuwepo laptop ya mteja, Rahimu wa Pangani, imeletwa kusafishwa vumbi. Ndani yake memori mbili, za aina ile ile niliyokuwa naitafuta.

Jumamosi mchana nilichomoa moja.

Nilijiambia naazima tu. Rahimu alisema ataifuata mashine yake katikati ya wiki, nami Jumatatu jioni ningekuwa nimeshairudisha. Nani angejua? Laptop ingewaka kwa memori iliyobaki, kwa uvivu kidogo tu.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikieni yaliyofuata, na mnihukumu mnavyotaka.

* * *

Jumapili baada ya adhuhuri nilijifungia chumbani, nikaipachika memori ya Rahimu kwenye laptop ya kiwanda, nikaiwasha.

Ilikuwa kama mtu aliyekuwa na kiu akapewa maji. Diski iliyokuwa ikisaga bila kupumzika ikanyamaza. Mgeni akaamka. Programu ya mizani ikatokea, na kila nilichobonyeza iliitika papo hapo.

Niligeuka nikamkuta baba amesimama mlangoni.

"Imekubali?"

"Imekubali, baba."

"Umeifanyaje?"

"Nimeiongezea memori."

"Umeipata wapi?"

"Dukani."

Baba akatabasamu. Alidhani tajiri wangu amenipa. Sikusema uongo hata neno moja, na mpaka leo hilo ndilo linalonichoma.

Jumatatu nikawa mbele ya Bi Yudith. Vibarua wakapandisha robota la mkonge juu ya mizani, uzito ukaja kwenye kioo cha laptop. Wakapandisha jingine. Ukaja. Bi Yudith akaangalia mpaka akachoka kuangalia.

"Nasma, karibu kazini," akasema. "Mwisho wa mwezi uagane vizuri na Mhindi wako, uje kwetu."

Nilitaka kuruka. Badala yake nikanyoosha mkono kuichukua laptop.

"Unaipeleka wapi?"

"Naomba nikaimalizie nyumbani, mama. Kesho naileta."

"Umalizie nini? Si inafanya kazi?" Akaisogeza upande wake. "Inabaki hapa. Mizani inaanza kazi leo."

"Mama, kuna kitu kidogo tu ndani..."

"Kitu kidogo gani?"

Angalieni shetani anavyofanya kazi. Ningesema, "Kuna kitu si changu." Maneno manne tu. Bi Yudith angeudhika, pengine angecheka. Lakini kazi ile nilikuwa ndiyo kwanza nimeipata.

"Basi, mama. Si kitu."

Jioni, akaifungia kwenye kabati la chuma. Baba alikuwa ananingojea nje ya lango la kiwanda, amevaa shati lake la Idi. Aliposikia habari alishika nondo za lango lile kwa mikono miwili.

"Lango hili lilinitoa mimi," akasema. "Leo linakuingiza wewe."

Akalia. Nikalia na yeye. Yeye alijua analilia nini.

* * *

Nilikimbilia dukani nikiwa na wazo moja, kwamba kuna siku mbele kabla Rahimu hajaja. Nitaagiza memori Dar, nitaipachika, mambo yataisha kimya kimya.

Fundi mwenzangu alikuwa Rafaeli, mtu wa Muheza. Tulisoma naye chuo kimoja, darasa moja, na dukani tulikaa meza zinazotazamana. Nikamkuta anafagia.

"Hongera, nimeshasikia!" akaniambia. "Mji huu hauna siri. Halafu, yule mteja wako wa Pangani alikuja Jumamosi jioni, wewe umeshaondoka. Nimempa mashine yake."

Nilikaa kwenye kiti bila kukitafuta.

"Umempa?"

"Alikuwa na haraka, mama yake anapelekwa Dar kupasuliwa. Nikaiwasha mbele yake, ikawaka, nikampa. Mbona umebadilika?"

"Ni jua tu," nikasema.

Siku zikapita, nikaanza kupumua. Nikajiambia, huyo Rahimu hata hatajua. Wangapi wana laptop nzito na wanaona ndivyo zilivyo? Nikawa nahesabu kimya chake kuwa ni msamaha.

Siku aliyorudi, tulikuwa sote dukani. Aliingia, akaiweka laptop juu ya kaunta, wala hakusalimia. Mtu wa Pangani akiingia mahali asisalimie, ujue amebeba jambo.

"Nani aliifungua hii?"

Mzee Abdulrasul akatoka nyuma na miwani yake mkononi. "Karibu, baba. Kaa kwanza. Kitu gani kimeharibika?"

"Si kitu. Ni mama yangu."

Akakaa, akatueleza. Yeye anafanya kazi Muscat, mkewe na watoto wako huko. Mama yake, Bi Mwatumu, alikuwa na saratani ya koo. Daktari wa Dar alikwisha kuwaambia wazi kuwa wakimpasua atapona, lakini kisanduku cha sauti kitaondoka. Hatasema tena maisha yake yote.

"Wanangu bibi yao hawajamwona," Rahimu akasema. "Wanamjua kwa simu. Kwao bibi ni sauti. Nikasema, kabla hatujaenda Dar, nitairekodi sauti yake kwenye laptop niwapelekee."

"Kaseti ingefaa vilevile," Mzee Abdulrasul akasema kwa upole.

"Kaseti nilikuwa nayo. Mama mwenyewe ndiye aliyekataa. 'Rahimu, kaseti za harusi yako zote zimeliwa na redio. Niweke humo kwenye kompyuta yako, nidumu.'"

Rafaeli akaacha alichokuwa akifanya.

"Tulianza Jumapili baada ya adhuhuri," Rahimu akaendelea. "Akawataja wajukuu mmoja mmoja, kila mtoto na utani wake. Binti yangu yuko darasa la pili, akamwombea dua ya siku atakayoolewa. Akaeleza mkate wa kumimina unavyopikwa, akakosea, akajicheka. Mama alicheka, mzee! Kwa koo lile! Alipomaliza nikabonyeza kuhifadhi. Kikatokea kile kisaa cha mchanga. Tukangoja. Magharibi ikatukuta kipo pale pale, mashine imeganda. Nikaizima, nikaiwasha upya. Hamna kitu."

"Hamkurudia?" Mzee Abdulrasul akauliza.

"Kwa sauti ipi? Ndiyo aliyokuwa ameiweka akiba, akaimaliza yote mchana ule. Usiku akawa ananong'ona, na alfajiri tulikuwa na basi. Alhamisi akapasuliwa."

Jumapili baada ya adhuhuri. Nilikuwa chumbani kwangu nikifurahia mashine inavyoitika.

Mzee Abdulrasul akaigeuza laptop, akafungua kile kimlango cha chini. Akatazama muda mrefu.

"Ulisema memori ngapi, baba, ulipoileta?"

"Mbili. Muscat waliniongezea ya pili mbele ya macho yangu."

"Hapa iko moja." Akavua miwani. "Ndiyo maana imeganda. Sauti yote ilikuwa inangoja kwenye memori mpaka ihifadhiwe, na memori haikutosha. Rafaeli, njoo."

Rafaeli akaja.

"Ya pili iko wapi?"

"Sijui, mzee."

"Nani alimkabidhi mteja?"

"Mimi. Lakini sikuifungua, niliiwasha tu."

Mzee akanigeukia. "Nasma, wewe uliisafisha. Uliona memori ngapi?"

Nimeirudia sekunde ile mara nyingi kuliko sala zangu. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nikawaza lango la kiwanda. Nikamwona baba ameshika nondo.

"Mimi nilipuliza vumbi tu, mzee," nikasema. "Sikuangalia memori."

Rafaeli hakukasirika. Ningemshukuru Mungu angekasirika. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi.

"Nasma ananijua," akamwambia mzee. "Tumesoma pamoja. Nasma, si uwaambie?"

Nikatazama sakafu.

Mzee Abdulrasul alizungumza polepole. "Baba yangu aliuza khanga katika duka hili. Serikali ikachukua nyumba yetu, tukabaki. Bidhaa zikapotea, tukauza rafu tupu, tukabaki. Hakuna siku mtu alisimama kwenye kaunta hii akasema ameibiwa. Rafaeli, sitaki polisi. Lakini usirudi."

"Mzee, wallahi..." Rafaeli akaanza. Yeye ni Mkristo, alikosa hata kiapo chake mwenyewe.

"Usirudi."

Rafaeli akachukua koti lake, akatoka. Mzee akamwambia Rahimu kwamba atampa memori nyingine, na ataifuta mashine na kuipiga Windows upya bila malipo. Rahimu akaikumbatia laptop kifuani.

"Hamtaigusa tena. Memori ya nini? Nataka mama aniite jina langu mara moja tu. Mnayo hiyo dukani?"

Hakungoja jibu.

* * *

Siku chache baadaye Rafaeli akaja kwetu Mabawa. Nilipomwona uani nilijua amekuja kunivua nguo mbele ya baba. Kumbe la.

"Kiwandani kwenu hawataki kibarua?" akaniuliza. "Hata cha kupakia robota. Mafundi mjini wameshasikia habari zangu, hakuna anayenipa hata waya nishike."

Baba akampa kiti, akamletea chai, akatuacha tuongee mambo ya kazi. Rafaeli, kwa kuwa ni fundi na fundi haachi, akauliza habari ya mizani.

"Ulifanikishaje? Mara ya mwisho mgeni wako alikuwa hawezi hata kupiga hatua."

"Niliongeza memori."

"Ulikuwa umempa mgeni kiasi gani?"

"Karibu yote. Nilitaka aende mbio."

Akacheka, kicheko cha darasani, cha zamani. "Sasa mwenyeji akabaki na nini? Mwenyeji akikosa pumzi, mgeni atakwendaje? Windows ile ya kale haili sana, Nasma. Ungempunguzia mgeni, mwenyeji apate nafasi, ingekwenda vizuri bila kuongeza chochote."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Memori inasaidia penye upungufu. Kwako hapakuwa na upungufu, uligawa vibaya."

Nilikuwa nimeiba kitu ambacho sikukihitaji. Nilikuwa nimeinyamazisha nyumba ya watu kwa sababu ya hesabu niliyokosea mwenyewe, hesabu ambayo ningemuuliza Rafaeli Jumamosi ile, meza kwa meza, angenirekebishia akiwa anakula muhogo.

Rafaeli akaacha kucheka. Nikaona wazo linamjia usoni.

"Uliongeza memori," akasema taratibu. "Aina hii Tanga haipo. Uliitoa wapi?"

Nikainamisha uso.

Akaweka kikombe chini.

"Mke wangu ameniuliza kama nimeiba," akasema. "Bertha, mke wangu wa ndoa. Nikamwambia sikuiba. Akasema, 'Basi nani?' Nikamwambia sijui, maana kwenye duka lile tulikuwa watatu, na wote watatu nilikuwa nawaamini."

"Rafaeli, nipige."

"Nikupige nipate nini?"

"Nitamwambia mzee. Kesho asubuhi nitamwambia."

"Mzee atangoja. Wapo wasioweza kungoja." Akainuka, akasogea karibu ili baba asisikie. "Sauti ile huenda haikupotea yote. Memori ikijaa, mashine humwaga sehemu ya kazi kwenye diski. Vipande vinaweza kuwa bado viko pale. Lakini kila laptop ile inapowashwa, inaandika vitu vingine juu yake. Na mtu akiipiga Windows upya, ndiyo basi, ni kuzika."

"Vinaweza kutolewa?"

"Diski inakiliwa yote. Nakala ndiyo inafunguliwa kama mgeni ndani ya kompyuta nyingine, ile ya asili haiguswi. Unatafuta taratibu. Sikuahidi kitu. Labda dakika moja, labda neno moja."

"Twende wote."

"Mimi?" Akanitazama kwa mara ya kwanza kwa chuki, na nilistahili. "Mimi nikifika Pangani wataona mwizi amerudi. Nenda wewe. Na utakapoulizwa umejuaje haya yote, ujibu."

* * *

Pangani nilifika kabla ya alasiri. Nyumba ya Bi Mwatumu nilionyeshwa na mtu wa kwanza niliyemuuliza, maana habari za mgonjwa aliyerudi kutoka Dar bila sauti zilijulikana mji mzima.

Rahimu mwenyewe ndiye aliyefungua. Nilidhani atanifukuza. Akavua kofia yake, akasogea kando.

"Dada wa dukani. Umekuja kumpa mama pole? Mungu akulipe. Karibu ndani."

Nikaingia nikiwa nimebeba wema wake kama gunia.

"Ile laptop," nikasema, "bado unayo?"

"Ninayo. Kila siku naiwasha, natafuta. Najua ni ujinga." Akashusha sauti. "Lakini kesho basi. Kuna kijana wa hapa anakuja kuipiga Windows upya. Mama anaumia kuniona ninavyoing'ang'ania. Kaa naye, mimi nawahi msikitini."

Akaenda. Hakunipa nafasi ya kusema, au niseme ukweli, nafasi alinipa, mimi nikaiacha ipite.

Bi Mwatumu alikuwa ameketi kitandani, leso imefungwa shingoni, mwembamba, macho makali kama ya mtu asiyewahi kuumwa. Nikainama.

"Shikamoo, bibi."

Nikangoja marahaba, kwa mazoea. Haikuja. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Chini ya leso pumzi ilipiga mluzi.

Nikakaa mkekani. Nilikuwa nimejiandalia maneno ndani ya basi. Yote yalipotea.

"Bibi, mimi si mgeni wa kukupa pole. Mimi ndiye niliyechukua memori kwenye laptop ya Rahimu. Si Rafaeli. Rafaeli amefukuzwa bure. Niliichukua nipate kazi, na wala sikuihitaji. Sauti yako imepotea kwa ajili yangu."

Alinitazama. Sikujua kama amenielewa. Nikarudia, safari hii nikilia, nikamweleza na habari ya diski, kwamba huenda kuna vipande, kwamba mashine isiwashwe tena, kwamba kesho yule kijana asiiguse.

Bi Mwatumu alinyanyua mkono, nikadhani ananipiga. Akanishika kidevu, akaniinua uso, akanitazama machoni kwa muda ambao nilitamani kufa ndani yake. Kisha mdomo wake ukaanza kwenda. Alikuwa anasema. Alikuwa anasema maneno mengi, kwa nguvu, mishipa imemtoka, na chumbani hakuna kilichosikika ila ule mluzi wa pumzi.

"Sikusikii, bibi," nikasema. "Nisamehe, sikusikii."

Akapiga goti lake kwa ngumi, mara moja. Halafu akashuka kitandani, akaingia chumba cha ndani akishika ukuta, akarudi na ile laptop. Akaniwekea mapajani. Akakaa karibu yangu mkekani, akanishika mkono.

Ananipa niitengeneze? Ananionyesha nilichokiharibu? Kurani anaisoma, lakini kuandika hakufunzwa. Sikuwa na njia ya kumuuliza.

Mlango ukalia. Rahimu alikuwa amesimama kizingitini, maji ya udhu bado yanang'aa kwenye ndevu. Akaona machozi yangu. Akaona mashine yake mapajani mwangu.

"Nani amekupa hiyo?"

Bi Mwatumu akainua kiganja kumzuia asisogee. Akanionyesha mimi kwa kidole. Kisha akagusa midomo yake mwenyewe, akaugeuza mkono kuelekea midomo yangu.

Rahimu akamtazama mama. Akanitazama mimi.

"Mama anasemaje?"

Hapo nikaelewa nimewekwa wapi. Katika chumba kile, mwenye ulimi nilikuwa mimi peke yangu. Ningesema, "Anasema niende nayo Tanga nikaijaribu," angeniamini. Angenipa na nauli. Sauti ikipatikana ningekuwa shujaa, isipopatikana ningekuwa dada mwema aliyejitahidi, na Rafaeli angebaki mwizi wa mji. Na mama yule asingeweza kunikanusha.

"Dada, nakuuliza. Mama anasemaje?"

Mkono wa Bi Mwatumu ukanibana mpaka mifupa ikauma. Sikujua kama ananisukuma niseme au ananiziba nisiseme.

"Anasema," nikaanza, na Rahimu akapiga hatua moja ndani.